Vifungo Ishirini na Vinne vya Fundi Makame

Mwezi uliopita nilipigiwa simu mbili. Ya kwanza ilikuja Ijumaa, ikaniambia kwamba Fundi Makame hajiwezi tena, yuko kitandani, na humuuliza kila anayeingia kumwona kama yule mwalimu wake bado yu hai. Nikasema nitakuja. Ya pili ilikuja Jumatano baada ya sala ya alfajiri, na hiyo haikutaka jibu. Kati ya simu hizo nilikuwa na siku nne nzima, nina afya, nina nauli, na bodaboda wamejazana nje ya geti la mwanangu hapa Raskazone wakibishana mpira. Nilifua mapazia. Kisha nikayapiga pasi, mimi ambaye sijapata kupiga pasi pazia tangu nizaliwe. Mwanangu akaniuliza kama tunatarajia mgeni, nikamjibu kwamba nyumba ina vumbi. Mtu akitaka kukwepa jambo hakosi kazi, na mimi nimelikwepa hili kwa karibu miaka arobaini, nikiwa darasani, nikiwa na chaki mkononi, nikiwafundisha watoto wa watu kusema kweli. Sasa nimestaafu, mapazia yamenyooka, na mzee amezikwa, basi naona niandike.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili nilipopangiwa kazi kwenye kijiji kimoja mbele kidogo ya Tongoni, ambacho sitakitaja kwa kuwa hakijanikosea lolote. Shule haikuwa na nyumba ya mwalimu wa kike. Mwalimu mkuu akanipeleka kwa Fundi Makame, Mpemba aliyefika hapo kijana na cherehani yake, akaoa hapo hapo na kubaki. Mkewe, Bi Asha, alinitolea chumba kilichokuwa cha kuwekea vitambaa. Nakiona hadi leo: kuta za mawe na udongo zilizopakwa chokaa, kitanda cha kamba, dirisha la ubao lililokataa kufunga, na harufu ya nguo mpya na pasi ya mkaa ambayo haikutoka hata nilipochoma udi. Ukuta wa upande wa baraza haukufika darini. Kila lililosemwa barazani nililisikia, na sitajisingizia kwamba nilikuwa naziba masikio. Chakula tulikula sinia moja, mimi na Bi Asha na mabinti zake wawili: muhogo wa nazi, dagaa, siku ya neema wali na changu wa kupaka. Mnofu mzuri ulisogezwa upande wangu kila siku bila neno. Mwanzoni nilikuwa nikiurudisha, baadaye nikauzoea, na mwishowe nikauona haki yangu. Nataja mnofu huo kwa sababu ulinikaa kooni baadaye.

Binti mkubwa aliitwa Mwanakombo. Alikuwa darasa la saba, mrefu, mkimya, na alipocheka alifunika mdomo na ncha ya mtandio. Nyumbani ndiye aliyeninawisha mikono kabla ya kula, na shuleni alikuwa mwanafunzi wangu wa hesabu. Mchana, alasiri ikishasaliwa, aliketi barazani miguuni pa babake akishona vishikizo, na hapo ndipo nilipoanza kumsikia akifanya kazi nyingine ambayo sikuielewa upesi. Fundi Makame, mbali na kushona kanzu, alikuwa mjuzi wa mirathi. Watu wakifiwa, humfuata awagawie urithi kama dini inavyotaka: mke thumuni yake, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, mama sudusi, moja ya sita, mabinti wawili thuluthi mbili, na kinachobaki kinakwenda kwa ndugu wa kiume. Fundi hakuandika. Alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vifungo vyeupe vya kanzu, na kutoka humo alihesabu ishirini na vinne, akavipanga mkekani mbele ya wafiwa. Kisha Mwanakombo ndiye aliyevisogeza. Vitatu kwa mke. Vinne kwa mama. Kumi na sita kwa mabinti. Kimoja kinabaki pale katikati ya mkeka, na kila mtu anakitazama, ndicho cha ami, ndugu wa baba. Nilikuwa nikiwasikia wazee wakishusha pumzi kifungo hicho kilipopata mwenyewe.

Siku moja Mwanakombo alimuuliza babake kwa nini wasiseme tu mama apate moja ya sita, imalizike, kama walivyofundishwa shuleni. Mwalimu aliyewafundisha hivyo ni mimi, kwa hiyo nikaacha nilichokuwa nikifanya nikatega sikio. Fundi akatoa sindano mdomoni. "Usizifupishe, mwanangu," akamwambia. "Ukishazifupisha, kila mtu hwondoka na yake mkononi, hajui mwenziwe kapata ngapi. Ziache ishirini na nne, wote wazione." Nikacheka peke yangu nyuma ya ukuta. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na kitabu cha mwongozo wa mwalimu, na nilimwona fundi kama mtu anayepima kitambaa kwa mkono wake wakati futi ipo mezani. Leo nimefundisha sehemu kwa miaka thelathini na kitu na sijapata kumsikia mtu akieleza vizuri kuliko vile kwa nini tunatafuta asili moja kabla ya kujumlisha. Lakini sikucheka leo, nilicheka siku ile.

Kurahisisha sehemu ndiyo iliyokuwa mada yangu ya muhula huo, na nilijipenda sana nikiifundisha. Gawa juu, gawa chini, namba ile ile, mpaka zisigawike tena. Watoto waliiimba. Walipenda kupiga mstari kwenye namba na kuandika ndogo pembeni, wengine walikata mpaka karatasi ikatoboka. Mwanakombo peke yake hakukata. Swali lililotaka 1/6 alijibu 4/24, lililotaka 2/3 alijibu 16/24, hesabu zote sawa, na zote zimeachwa wazi kama vifungo mkekani. Nilimpiga kosa. Akaja mezani akaniuliza kwa adabu kakosea wapi, nikamwambia hajarahisisha. Akauliza, kwani si ni kitu kile kile? Ni kitu kile kile, na nilijua ni kile kile, na mwalimu mwenye akili angemwambia, naam, ni kile kile, nieleze umejuaje. Mimi nilimwambia arudi akaketi.

Kisha ikaja habari kwamba mkaguzi wa shule anakuja kutoka wilayani, na ataingia darasani kwangu kwa kuwa mimi ndiye mgeni. Niliandika andalio la somo mara tatu. Nilitaka swali moja la mwisho la kumpendeza, la kujumlisha sehemu tatu na kisha kurahisisha, na nikiwa kitandani nikizungusha namba kichwani nikakumbuka ile ya barazani: thumuni, sudusi, thuluthi mbili. Nikaichukua. Sikumwambia mtu, sikuomba ruhusa, na kwa haraka zangu sikuifanya kwanza kwenye karatasi. Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliketi nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda kifuani. Nikaandika ubaoni moja ya nane, jumlisha moja ya sita, jumlisha mbili ya tatu. Asili ya zote ishirini na nne. Tatu, nne, na hapo mkono wangu ukaandika kumi na tano. Jumla ishirini na mbili. Nikagawa juu kwa mbili, nikagawa chini kwa mbili, ikatoka 11/12, safi, haikatiki tena. Nilifurahi ilivyokatika. Kwa kuwa ilikatika vizuri niliona lazima ni sahihi, na watoto wakanakili.

Mwanakombo akainua mkono. Hakuwahi kuinua mkono bila kuitwa. Nikajifanya simwoni, lakini mkaguzi alimwona, akanionyesha kwa kidevu. Msichana akasimama akasema, kwa sauti ile ile ya barazani, "Mwalimu, ni ishirini na tatu. Inabaki moja, ya ami." Darasa likacheka, maana wao hawakujua ami ametoka wapi. Mimi nilijua. Nilijua mara moja swali limetoka wapi na nani amelitambua, na badala ya kutazama ubao nikamtazama yeye. Nikasema hapa hatugawi urithi, hapa tunafanya hesabu. Akasema, "Lakini mwalimu, thuluthi mbili ni kumi na sita." Nikamwita mbele, nikamwambia anyooshe mkono, nikampiga rula mbili kwenye kiganja kwa utovu wa adabu. Alirudi akaketi, akafunika mdomo na mtandio ingawa hakuwa anacheka. Mkaguzi akaandika kitu. Ripoti ilipokuja, ilisema mwalimu anamudu darasa lake.

Saa nne, watoto wakiwa nje wakila mihogo, nilifanya hesabu ile pembeni ya andalio la somo. Ishirini na nne gawanya kwa tatu, nane. Nane mara mbili, kumi na sita. Nikaifanya tena nikitumaini itageuka. Nikahisi uso unawaka mpaka kwenye masikio. Sasa msomaji atasema, kuna kipindi cha kesho, mwalimu husimama akasema jana nilikosea. Ni kweli. Mwalimu mwingine angefanya hivyo, na baadaye mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi, mbele ya madarasa mengi, na watoto hawanidharau. Lakini siku ile nilikusanya madaftari arobaini na moja nikaketi chumbani kwangu kuyasahihisha. Arobaini yalikuwa na 11/12, nikayapiga vema moja baada ya jingine. Moja lilikuwa na 23/24 kwa mwandiko uliosimama wima. Nikalipiga kosa. Bado naukumbuka wino ulivyoingia kwenye karatasi. Halafu Bi Asha akaita chakula, Mwanakombo akaja na birika na bakuli, akaninawisha mikono, na kile kiganja nilichokipiga ndicho kilichoshika birika. Kulikuwa na changu wa kupaka. Bi Asha akausogeza mnofu upande wangu, nami nikaula.

Tangu siku hiyo sikuweza kumtazama yule mtoto. Wala hakunifanyia lolote. Alinisalimia shikamoo asubuhi, alifagia chumba changu, aliuliza nguo zangu zinazotaka kushonwa. Angeninunia ningepata nafuu. Heshima yake ndiyo iliyonichoma, nikaanza kumchukia kwa jinsi mtu anavyomchukia aliyemwona akianguka. Nilitamani amalize shule aondoke mbele ya macho yangu. Mtihani wa darasa la saba ukapita, majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yakaja na hayakufika matatu kijiji kizima, na lake halikuwamo. Halikuwa jambo la ajabu kwa miaka ile.

Wiki moja baadaye Fundi Makame akaniomba niketi naye barazani. Ilikuwa alasiri, cherehani imefunikwa kwa kanga, na alikuwa amevaa kofia yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Akaniambia dada yake anaishi mjini na yuko tayari kumchukua Mwanakombo arudie darasa la saba huko, ajaribu mtihani mara ya pili. Lakini kuna mtu wa Mkwaja ameleta posa, kijana wa watu, hana kasoro. Yeye fundi hajui la kufanya. "Mie sikusoma skuli, mwalimu," akasema. "N'najua vifungo vyangu tu. Weye ndiye mwenye macho. Mtoto huyu kichwa anacho?"

Alikuwa amemfundisha mwenyewe. Alikuwa amemwona akigawa mali za watu wazima bila kukosea, akiwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, na wazee wakikubali. Na aliniuliza mimi. Nilifikiria, hilo sitalikana, nilifikiria kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha chai ya rangi. Nilimwona Mwanakombo akirudi kutoka mjini siku moja na vyeti vyake, akisimama mahali fulani mbele ya watu, akisimulia habari za mwalimu wake wa zamani wa hesabu. Nikaweka kikombe chini. "Hesabu zinamshinda, fundi," nikasema. "Utamsumbua bure."

Hakubisha. Alivuta kanga iliyofunika cherehani akainyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka. Akasema ahsante mwalimu, umenitoa kwenye giza. Maneno hayo nimeishi nayo. Januari niliomba uhamisho, nikapelekwa Muheza, na harusi ikafanyika nyuma yangu. Waliniletea kadi, sikwenda. Miaka mingi fundi alinitumia salamu kwa kila mtu aliyekuja upande wetu, na mara mbili akanishonea nguo kwa kubuni vipimo, zikanitosha kabisa.

Basi Jumamosi, siku ya tatu baada ya mazishi, nikaenda hitimani. Nyumba ni ile ile, wamebadilisha paa tu. Wanaume walikuwa nje, sisi ndani, na hitima iliposomwa na wali kuliwa, watu wakapungua. Nilimkuta Mwanakombo kwenye chumba kile nilichokuwa nikilala mimi, ameketi mkekani na mkebe wa maziwa ya unga mbele yake. Sasa ni mtu mzima, ana wajukuu, miwani imening'inia kwa uzi. Alikuwa amerudi kutoka Mkwaja tangu alipofiwa na mumewe, na baba alipopungukiwa macho yeye ndiye aliyekuwa akigawa, mzee akitamka tu. Ami yake amevuka kutoka Pemba kwa mazishi na hakai sana, kwa hiyo walitaka mirathi ijulikane mapema. Vifungo vilikuwa vimeshapangwa: vitatu vya Bi Asha, kumi na sita vyake na vya mdogo wake, vitano vya ami, kwa kuwa dada wa marehemu alikwisha kutangulia. Akaniambia shikamoo mwalimu, nikaitikia marahaba. Akasema cherehani ndiyo iliyowashinda, haigawiki, kila mmoja anamwachia mwenziwe.

Nilikuwa nimeapa njiani kwamba nitasema. Nikaanza na lile jepesi. Nikamkumbusha mkaguzi, nikamkumbusha ubao, nikamwambia alikuwa sahihi, ilikuwa ishirini na tatu, na nilijua siku ile ile. Akacheka, akafunika mdomo na mtandio, na moyo wangu ukauma kumwona hivyo na mvi. "Ile ya ami? Mbona nilimwambia baba. Akasema huko skuli huenda wana hesabu nyengine, tusiwaingilie." Akanishika goti, akasema amenisamehe zamani, rula mbili si kitu, walimu wengine walikuwa na bakora. Ningeweza kuondoka hapo. Nilikuwa nimesamehewa, chai ilikuwa inakuja, na bajaji iliyonileta ilikuwa ikinisubiri.

Lakini hakunyamaza. Alianza kuvisogeza vile vifungo vitatu vya mamake, akivinyoosha mstari, akasema mtu aliyemkasirikia si mimi, ni baba. Shangazi yake alikuwa amekubali kumchukua, begi lilikuwa limeshafungwa, halafu siku moja baba akaingia jikoni akamwambia hatakwenda. Alipomuuliza sababu alisema uwezo wa kumsomesha hana. Na yeye alijua uwezo upo, kwa sababu shangazi ndiye aliyekuwa akigharamia. Basi akamfungia moyo. Aliolewa amemfungia, alizaa amemfungia. Miezi mitatu hii amemuuguza, amemlisha, amemgeuza, na kila mzee alipomtaka radhi alimjibu tumesameheana, lakini kwa mdomo tu. Akasema hajui kwa nini ananiambia mimi.

Ndipo nilipofahamu kwa nini fundi alikuwa akiniulizia. Alinisitiri maisha yake yote. Alilibeba neno langu akasema ni lake, ili mtoto asimdharau mwalimu, na mwisho wake alitaka tu nije nilichukue. Nikamwambia Mwanakombo. Nilimwambia yote, kikombe cha chai, maneno yenyewe kama yalivyotoka, na kwa nini niliyasema, sikuyapunguza. Nikamwambia babake alitaka asome. Nje, mtu alikuwa akikusanya masinia, yakigongana.

Alivua miwani akaifuta kwa kanga, akaivaa, akavitazama vifungo kana kwamba hesabu imempotea. Kisha akaanza kuvirudisha mkebeni, kimoja kimoja, vyote ishirini na vinne, na mimi nikimhesabia moyoni kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Alipofunga kifuniko ndipo alipozungumza.

"Ungekuja Jumanne, mwalimu," akasema. "Jumanne alikuwa bado anasikia."